Tupeane uzoefu: pumzi ilivyomsaidia mzee wako kwenye sindano, mpira wa mkojo au kidonda

Wakuu, salaam. Mzee wangu ana miaka 78, ana tezi dume, na mpira wa mkojo hubadilishwa kila mwezi. Mara mbili za mwanzo alijikaza mwili mzima, kashika chuma cha kitanda utadhani kinamkimbia. Safari ya tatu tukakuta nesi mtu mzima. Akamwambia, "Baba, vuta kwa pua taratibu, halafu puliza kama unapoza chai. Usikate." Akausukuma mpira wakati mzee anapuliza. Mzee akauliza, "Bado hujaanza?" Nesi akanieleza kwamba mtu akijikaza, msuli unaofunga njia ya mkojo nao unabana, akitoa pumzi ndefu unalegea. Ninyi wenye wazee mnafanyaje?

*Mjukuu wa Tanga:* Bibi ana kidonda cha kisukari mguuni. Kuhesabu pumzi kulitushinda, akisahau namba ndiyo anazidi kuhangaika. Sasa anavuta kimya, anaitoa kwa "Alhamdulillaaahi" ndefu, na chachi inabanduliwa humohumo. Ila chachi tunailowesha kwanza kwa maji ya chumvi ya hospitali, na dawa ya maumivu aliyoandikiwa anameza mapema. Msimpe mzee pumzi peke yake wakati dawa ipo, huo ni uonevu.

*Kitinda mimba:* Sisi tulikosea. Tulimwambia babu "pumua kwa nguvu", akahema mbiombio mpaka vidole vikafa ganzi na kichwa kikazunguka. Daktari akasema kuhema hivyo kunapunguza kaboni dioksaidi kwenye damu. Siku hizi anavuta kwa hesabu ya nne, anatoa kwa sita, polepole.

*Mama Wawili:* Baba mkwe hasikii vizuri, na kumpigia kelele wodini ni aibu. Namwekea kiganja chake tumboni kwangu, napumua, naye anafuatisha. Sindano ya dripu huwa imeshaingia.

*Mjukuu wa Tanga:* @Mama Wawili hiyo naiiba.

*Dereva:* Mwenye ugonjwa wa mapafu muulizeni daktari kwanza. Mama yangu akilazwa chali hiyo pumzi ndefu haipati kabisa. Wakimwinulia kitanda, akabana midomo kama anayepiga mluzi, anatulia.

*Mleta mada:* Shukrani wakuu. Kesho kutwa tunabadilisha tena. Mzee ameshaanza mazoezi, anapuliza hata uji uliopoa.