Baba mdogo aliyenilea kwa mateso anaumwa, ukoo unataka nimtunze. Nifanyeje?

Mtoto wa Mpunguzi: Wakuu, habari za usiku. Baba alifariki 2004 nikiwa darasa la pili, mama akamfuata mwaka uliofuata. Baba mdogo akanichukua, hapahapa Mpunguzi, Dodoma. Alfajiri ndoo nne za maji ndipo niende shule, jioni mbuzi, usiku ugali wa uwele na mlenda kama umebaki. Likizo nilibeba tofali ujenzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), nikapata hela ya sare. Chuo nimesoma kwa mkopo wa bodi, leo nina kazi na mke. Sasa figo zinamsumbua, ukoo unataka nimhamishie kwangu mjini. Moyo unakataa.

Bibi Kibaigwa: Pole mwanangu. Samehe. Mimi mama wa kambo alikuwa anafungia unga kwa kufuli. Leo nauza mahindi sokoni Kibaigwa, na dawa zake za presha nanunua mimi. Siku nyingine nazinunua huku namsema.

Kitenesi: Mpeleke kwa mkeo ukweni wakamwangalie wao 😂

Mzee wa Bahi: Marehemu aliacha nini? Mpunguzi mtu hakosi shamba la zabibu.

Mtoto wa Mpunguzi: Ekari mbili. Baba mdogo aliziuza 2017. Ila mzee, swali langu ni la ugonjwa.

Mzee wa Bahi: Aliuzaje bila mirathi? Nani alisaini?

Mtoto wa Mpunguzi: Mimi. Ofisi ya mtaa, kama mrithi. Akanipa laki nane, nikalipa hosteli mwaka wa pili. Msinihukumu, mwenye njaa hasomi karatasi. Na wakili nimeshamlipa nusu, nataka shamba langu.

Kitenesi: Laki nane, ekari mbili, Dodoma hii? Hayo si mauzo, ni hela ya kitoweo.

Mzee wa Bahi: Kumbe unatuomba huruma na wakili keshakula! Haya. Fungua mirathi Mahakama ya Mwanzo, beba cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha ukoo. Kudai ardhi kuna ukomo, miaka 12, usilale. Ila kikao hicho wataitisha walewale wanaokupigia simu, na sahihi yako itakufuata mpaka kizimbani.

Msema Kweli: Chai hii, tena ya maziwa. UDOM imeanza 2007. Mtoto aliyekuwa la pili 2004 alibeba tofali gani huko?

Mtoto wa Mpunguzi: Ilikuwa 2008, niko la sita, majengo yalikuwa bado yanajengwa. Nilibeba mbilimbili, kibarua mkubwa sita. Kovu la bega ninalo.

Msema Kweli: Picha ya kovu.

Bibi Kibaigwa: Mwacheni mtoto wa watu. Mwanangu, yeye mwenyewe anasemaje?

Mtoto wa Mpunguzi: Hajaniomba kitu, bibi. Wanaopiga ni shangazi zangu. Yeye ananipigia usiku, nikipokea ananyamaza. Hii hapa inaita.

Kitenesi: Pokea! Halafu lete mrejesho.