Thunderbird, Outlook ya zamani au Outlook mpya kwa barua pepe ya ofisi? Zinaingia, ila kutuma kunagoma

Wakala_Kurasini
Wakuu habari za kazi. Ofisi yetu ni ya uwakala wa forodha, tupo watatu na sote tunatumia anwani moja ya barua pepe yenye jina la kampuni, inaishia na .co.tz. Mpaka sasa tunaisomea kwenye kivinjari. Mteja akituma ankara na hati ya mzigo, ukishusha viambatisho mtandao unakatika, unaanza upya, na huku kontena likipitisha siku zake bandarini malipo ya kuhifadhi yanaanza kuhesabiwa. Tunataka barua zikae kwenye kompyuta zetu.

Hali ilivyo: kwangu nimeweka Thunderbird. Barua zinaingia vizuri, ila nikituma inazunguka weee, mwisho inasema imeshindwa kuifikia seva ya kutuma. Mwenzangu ana Outlook ya Office 2016, kila akiifungua inaleta onyo la cheti cha usalama. Wa tatu ana Windows 11 yenye Outlook mpya, bado hatujaigusa. Tuchague ipi, na tuunganishe kwa IMAP (barua zinabaki kwenye seva na kila kompyuta inaziona) au POP (zinashushwa kwenye kompyuta)? Bando letu si la kumwaga, na kwenye seva tumepewa nafasi ya GB 1 tu.

Fundi_wa_Tabora
Mkuu, ponya kwanza hilo la kutuma, uchaguzi wa programu utafuata. Kupokea na kutuma ni njia mbili zinazojitegemea. Barua zikiingia ina maana jina na nywila ni sahihi, kwa hiyo usihangaike kubadilisha nywila. Nenda kwenye mipangilio ya akaunti, shuka hadi chini kabisa palipoandikwa seva ya kutuma (SMTP), uangalie namba ya poti, yaani mlango ambao barua hupitia. Ukikuta 25, umempata mchawi wako. Watoa intaneti wengi wanaifunga poti hiyo kwa wateja wa kawaida ili kompyuta zenye virusi zisimwage barua taka. Weka 465 na usalama wa SSL/TLS, au 587 na STARTTLS (zote mbili ni njia za kuficha mawasiliano yasisomwe njiani). Usichanganye, yaani 465 ukaipa STARTTLS, maana itazunguka vilevile.

Halafu hakikisha pale pa uthibitisho pameandikwa nywila ya kawaida, na jina la mtumiaji ni anwani nzima pamoja na @ na kikoa (jina linalofuata baada ya @). Wengi huandika kipande cha mbele tu, seva inawakataa.

Bi_Seva
Naongezea kwa yule wa onyo la cheti, yaani kitambulisho cha seva. Tafadhali asibofye tu "kubali" ili liondoke, asome limeandikwa nini. Kuna sababu tatu ninazokutana nazo sana kazini.

Ya kwanza, jina la seva uliloandika halilingani na jina lililo kwenye cheti. Umeweka mail. ikifuatiwa na kikoa chenu, kumbe cheti kimetolewa kwa jina la seva ya kampuni inayowahifadhia tovuti. Waulize jina kamili wanalotaka mlitumie, au muwaombe wakiweke kikoa chenu kwenye cheti. Ya pili, saa ya kompyuta. Hizi kompyuta za mezani za zamani, betri ndogo ya duara kwenye ubao mama ikifa, umeme ukikatika tarehe inarudi miaka nyuma, na cheti kizima kinaonekana bado hakijaanza kutumika. Angalia tarehe pale kona ya chini kulia kabla ya kumpigia mtu yeyote simu. Ya tatu, kinga ya virusi inayopekua barua njiani huweka cheti chake yenyewe. Zima kipengele hicho cha kupekua barua peke yake, si kinga yote, ujaribu tena.

Kijana_wa_Nyali
Mimi niko Mombasa, kazi kama yako. Kuhusu POP na IMAP nitakupinga mapema kabla hujaamua: watu watatu anwani moja, POP itawagombanisha. POP inashusha barua kwenye kompyuta moja, na mipangilio ikiwa ya kufuta, mwenzako akifungua hakuti kitu. Hata ukiiambia iache nakala kwenye seva, ile uliyojibu wewe kwake haionekani kama imejibiwa, na barua mlizotuma zinabaki kwa aliyezituma tu. Mteja anapiga simu kuuliza, "Mlinitumia?" na ofisini hakuna anayejua.

Mhasibu_Mwanza
Kaka wa Nyali nakuheshimu, lakini POP ina haki yake. Mimi nafanya kazi peke yangu, kompyuta moja, na seva yangu ni ndogo kuliko ya huyu ndugu. IMAP ilinijazia seva na barua za wateja zikaanza kurudishwa kwa waliozituma. POP inashusha, inasafisha, maisha yanaendelea. Mtandao ukizima siku nzima bado barua zangu zote ninazo.

Bi_Seva
Mhasibu, kwa hali yako ni sawa kabisa, mradi una nakala kwenye diski nyingine, kwa sababu kompyuta hiyo ikiibiwa hakuna pengine pa kuzipata. Ila hilo la mtandao kuzima, IMAP nayo inalimudu. Thunderbird kwa kawaida inashusha barua nzima za IMAP kwa ajili ya kusoma bila mtandao. Kwa Wakala mwenye bando dogo ipo njia ya kuibana: kwenye mipangilio ya akaunti, sehemu ya ulandanishi (sync) na hifadhi, iambie iweke barua za siku 30 za mwisho tu, na isishushe mapema zinazozidi ukubwa utakaoutaja. Kubwa inashuka pale unapoifungua.

Wakala_Kurasini
Fundi, barikiwa sana. Ilikuwa 25 kweli. Nimeweka 465 na SSL/TLS, barua ya majaribio imekwenda. Dada Bi_Seva, kompyuta ya mwenzangu tarehe iko sawa, ila jina kwenye cheti ni la kampuni ya hifadhi. Tumewaandikia. Sasa limezuka jingine: tangu tuanze kujaribu, kompyuta zote za ofisini haziingii, zinasema muda umekwisha. Nikitumia hotspoti ya simu inaingia!

Fundi_wa_Tabora
Hapo seva imeifungia anwani ya IP ya ofisi yenu, yaani namba inayoutambulisha mtandao wenu. Seva nyingi zina ulinzi unaofunga mlango mtu akikosea nywila mara kadhaa mfululizo. Kwa kuwa hotspoti inapita, hakuna kilichoharibika kwenye mipangilio yako. Tafuta kifaa chenye nywila ya zamani. Mara nyingi ni simu ya mtu fulani hapo ofisini, ipo mfukoni inajaribu kila baada ya dakika chache. Kiondoe kwanza, ndipo uwaombe wawafungulie. Ukianza kwa kuomba, watafungua asubuhi na mchana mtakuwa mmefungiwa tena.

Kijana_wa_Nyali
Turudi kwa programu sasa. Outlook ya Office 2016 nisingeijenga kazi juu yake, Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, hakuna tena marekebisho ya usalama. Faida yake ni kile kitufe cha kujaribu akaunti, kinakuambia kupokea kumepita na kutuma kumeshindwa, kila kimoja peke yake. Akishalipia toleo linaloendelea kuhudumiwa la Outlook ile ya zamani (classic), ni chombo kizuri, hasa kama kalenda za ofisi zinatumika.

Outlook mpya ya Windows 11 ni jambo tofauti. Ukiiwekea akaunti ya IMAP, barua zako zinalandanishwa na kuhifadhiwa kwenye seva za Microsoft pia, hazitoki moja kwa moja kwenye seva yenu kuja kwenye kompyuta. Inaomba ridhaa wakati wa kuseti, lakini watu hubofya bila kusoma. Ninyi mnabeba namba za utambulisho wa mlipakodi na nakala za pasipoti za wateja.

Bi_Seva
Naliunga mkono hilo kwa nguvu zote. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na taarifa za mteja kuhifadhiwa mahali pa ziada ni uamuzi wa mwenye ofisi, si wa kijana aliyekuwa akiseti kompyuta. Kwa ofisi hii mimi nasema Thunderbird kwenye kompyuta zote tatu, IMAP poti 993, kutuma 465. Ni bure, na tatizo likitokea wote mnatazama skrini ileile.

Mwalimu_Iringa
Nami nidandie hapohapo. Yangu ni Gmail, Thunderbird inakataa nywila ambayo kwenye kivinjari inafanya kazi. Nifanyeje?

Fundi_wa_Tabora
Mwalimu, Google haipokei tena nywila ya kawaida kutoka kwenye programu za barua. Kwenye uthibitisho wa seva ya kupokea na ya kutuma chagua OAuth2 (njia ya kuingia kupitia Google yenyewe). Litafunguka dirisha la Google, ingia humo. Dirisha lisipomaliza kazi yake, angalia kwenye mipangilio ya Thunderbird kama vidakuzi (cookies) vimeruhusiwa. Na ile folda ya barua zote ya Gmail iondolee usajili (unsubscribe) kwenye orodha ya folda za Thunderbird, la sivyo kila barua utaishusha mara mbili.

Wakala_Kurasini
Tumefunguliwa, kweli ilikuwa simu ya dereva. Tunakwenda na Thunderbird. Limebaki moja: GB 1 ikijaa?

Mhasibu_Mwanza
Hapo nina uzoefu. Kila mwisho wa mwezi, kompyuta moja tu inakili barua za mizigo iliyokwishatoka kwenda kwenye folda za ndani za Thunderbird, yaani zilizo kwenye kompyuta yenyewe. Za kwenye seva usizifute bado. Kisha funga Thunderbird kabisa, andika %APPDATA% kwenye upau wa anwani wa File Explorer (ndipo Windows huweka data za programu), unakili folda nzima ya Thunderbird kwenye diski ya nje. Ukinakili ikiwa wazi, faili zinaweza kutoka pungufu. Na fungua mojawapo ya barua za zamani zenye kiambatisho kwenye hiyo folda ya ndani kabla hujazifuta zile za kwenye seva na kumwaga tupio lake.