Wazazi katika kamati ya ushauri ya wodi ya watoto: tuwapate vipi?

Muuguzi, Lamu:
Assalamu alaykum. Ninahudumu katika wodi ya watoto hapa Lamu, na tumekusudia kuunda kamati ya ushauri yenye wazazi waliowahi kulaza watoto wao. Wawakilishi wa jamii tunao, lakini wengi wao hawajapata kukesha kando ya kitanda cha mtoto, na sitaki kamati hii iwe ya jina tu. Je, tuwachague vipi, na tuwaulize nini?

Mama Swaleh, Pate:
Waalaykum salaam, dada. Niliuguza mwanangu siku 9 katika hospitali nisiyopenda kuitaja. Tuliporuhusiwa niliambiwa nimpe dawa ya maji kijiko kimoja mara tatu kwa siku, nami nikatumia kijiko cha kulia wali, kwa kuwa hakuna aliyenionyesha kwamba kilichokusudiwa ni kile kidogo cha mililita 5. Mavyaa ndiye aliyeshtuka, alipoona chupa ya siku 5 imekwisha siku ya pili. Kosa kama hilo daktari halioni, kwani hutendeka jikoni kwangu. Basi tuiteni tuyasome maelezo ya dawa kabla hamjayachapisha. Tena muangalie maji: boti zetu hupita Mkanda, ule mkondo mwembamba wa bahari, maji yakijaa, kwa hiyo mkutano ukiwekwa wakati maji yamekupwa, watakaohudhuria ni watu wa mjini pekee.

Mstaafu wa afya, Malindi:
Binti yangu, shika hilo la kijiko, kwa maana mashauri haya huanzia kwenye makosa. Huko Boston, Marekani, mwaka 1994, wagonjwa wawili wa hospitali ya saratani ya Dana-Farber walizidishiwa dawa mno, na mmoja wao, mwandishi wa habari Betsy Lehman, akafariki. Baadaye hospitali hiyo ikaunda mabaraza ya wagonjwa na jamaa zao. Mwaka 2008 jimbo la Massachusetts likapitisha sheria ya kuzitaka hospitali ziwe na mabaraza ya namna hiyo, na kanuni zake zinataka angalau nusu ya wajumbe wawe wagonjwa au jamaa zao. Nusu hiyo naiunga mkono kwa dhati, kwa sababu mzazi mmoja akiketi kati ya matabibu wanane atanyamaza. Msiwachague wanaowasifu tu. Watoto wenyewe pia waulizwe, kwani Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, kifungu cha 12, unawapa haki ya kusikilizwa. Na kila kikao kianze kwa kuwaeleza wazazi ushauri wao wa mara iliyopita umefanyiwa nini, hata kama umekataliwa.

Muuguzi, Lamu:
Nashukuru sana. Tutaweka tarehe kwa kufuata maji, na nauli tutairudisha. Limebaki moja linalonisumbua: mzazi aliyefiwa na mtoto wodini kwetu, naye aalikwe?

Mama Swaleh, Pate:
Aalikwe, dada, ila arubaini ipite kwanza, na aendewe nyumbani na muuguzi aliyemzoea, asipigiwe simu. Akikataa, asiulizwe tena.