Wakala wa kusoma vinasaba, hela zetu mmekula, faili ghafi mnalificha la nini?

Wakuu, nina hasira, mnivumilie. Na moderata msiupeleke uzi huu jukwaa la elimu ukafie huko, hapa kuna hela za watu.

Nafanya utafiti wa uduvi, hawahawa wa Feri mnaowaunga na nazi. DNA nachomoa mwenyewe, PCR (kunakili DNA iwe nyingi) napiga mwenyewe, kwa jeni la COI, jeni la mitokondria la protini ya kupumulia ya seli, kile kipande cha herufi 658 kinachotumika kutambua spishi za wanyama. Kusoma mfuatano ndiyo nampa wakala mmoja hapa Dar apeleke nje. Nimelipa yote, tena kabla ya kazi.

Wameniletea faili la maandishi matupu. Herufi zimejipanga safi, hakuna hata N moja, ile ya herufi isiyosomeka. Nikatafsiri kuwa protini kwa jedwali la mitokondria za wanyama wasio na uti wa mgongo (asije mtu hapa na TGA yake, kwingine ni alama ya kusimama, kwenye jedwali hili TGA ni triptofani, asidi amino ya kawaida), nikakuta TAA, alama ya kusimama, katikati ya jeni. Mbele kidogo herufi moja haipo, fremu yote ya kusoma herufi tatutatu imehama. Uduvi mwenye COI ya namna hiyo angepumuaje?

Hiyo ni numti, wakuu. Kipande cha DNA ya mitokondria kilichohamia kwenye jenomu ya kiini cha seli zamani, kikabaki humo bila kazi kikikusanya makosa. Si kitu kigeni. Lopez na wenzake walikieleza kwa paka mwaka 1994: herufi kama 7,900, zimejirudia mara 38 hadi 76. Mwaka huohuo ikatangazwa DNA ya mfupa wa miaka milioni 80 kutoka Utah, watu wakashangilia dinosaria. 1995 ikabainika ni numti za binadamu! Na 2008 Song na wenzake wakaonyesha, kwa panzi na kamba wa mapangoni, jinsi numti zinavyovimbisha hesabu ya spishi.

Sasa praima, kipande kifupi cha DNA cha kuanzishia PCR, ikikamata vyote viwili, cha mitokondria na cha kiini, kwenye mawimbi, ile grafu ghafi ya mashine ya kusoma, unaona vilele viwili vimesimama mahali pamoja. Hapo ndipo ushahidi ulipo. Ukichukua kilele kirefu na kufuta kifupi, herufi baada ya herufi, unapata mfuatano wa kuungaunga, wa kiumbe ambaye hayupo baharini wala nchi kavu. Ndiyo maana nikaomba faili la mawimbi.

"Ndugu mteja, hatutoi." Nikaeleza kwa adabu zote. "DNA yako chafu, lipia upya." Nikapiga simu, dada wa mapokezi ananiambia, "Kaka, wenzako wote wanachukua hivihivi na wanahitimu."

Wanahitimu! Na mifuatano hiyo inapandishwa GenBank, hifadhidata ya mifuatano iliyo wazi kwa wote, kesho mtu analinganisha sampuli yake nayo, anatutangazia spishi mpya ya uduvi wa Tanzania. Wasimamizi nao wanasaini tu, mradi ukurasa una mti wa ukoo wenye rangi.

Silipii upya hata shilingi. Nataka mawimbi ya sampuli zangu, ya praima ya mbele na ya nyuma, nimeshayalipia. Nikiyapata nitajua kama nikate numti kwa praima mpya au nianzie kwenye RNA, ambako numti isiyo na kazi kwa kawaida haionekani.

Anayemjua wakala anayetoa faili ghafi bila kugombana, aje PM. Na nyie mliochukua "hivihivi", fungueni mafaili yenu usiku huu mtafute TAA na TAG, zote alama za kusimama.