Mikrosatelaiti haziitenganishi michungwa yangu: je, nihamie kwenye retrotransposoni?

Kikonyo
Ndugu wanajukwaa, habari za kazi. Ninasoma shahada ya uzamili na utafiti wangu unahusu michungwa ya Muheza, mkoani Tanga. Katika shamba moja la machungwa ya aina ya Valencia kuna mti ambao tawi lake moja huivisha matunda majuma kadhaa kabla ya matawi mengine. Mwenye shamba, mzee aliyezoea kubebesha miche kwa mkono wake, amekwisha kuchukua vikonyo vya tawi hilo, na miche aliyoipata imerithi tabia hiyohiyo. Nilichuma majani ya tawi hilo, ya matawi ya kawaida na ya michungwa ya jirani, nikapima mikrosatelaiti nane, yaani vipande vifupi vya DNA vinavyojirudia. Miti yote, hata ile ya aina ya Jaffa, imetoa mistari ileile ya DNA kwenye jeli, utadhani nimepima jani moja mara nyingi. Sampuli moja tu ilitofautiana, nami niliiondoa kwa kudhani nimechanganya vibandiko. Je, nimekosea maabara? Msimamizi wangu ananishauri nitumie retrotransposoni, lakini sielewi ni kwa nini kipande kimoja cha DNA kinachojirudia kishindwe na kingine, nacho kinachojirudia, kifaulu.

Mzee wa Jeli
Ndugu Kikonyo, matokeo yako ndiyo yanayotarajiwa. Machungwa matamu, yawe Valencia, Jaffa au yale yenye kitovu, ni ukoo mmoja uliotokana na chotara wa kale wa mbalungi na mchenza, na tangu hapo yamezalishwa kwa kubebeshwa au kwa mbegu ambazo viinitete vyake vingi ni nakala tupu ya mama. Aina tunazoziita tofauti ni matawi yaliyobadilika juu ya mti uleule, watu wakayapenda na kuyaendeleza, kama huyo mzee wako anavyofanya sasa.

Mikrosatelaiti ni herufi chache zinazojirudia mfululizo, tuseme CT mara kumi na nne, na hubadilika pale kimeng'enya kinaponakili DNA kikateleza, zikawa kumi na tano. Kwa binadamu wa vizazi vingi, au kwa miembe iliyooteshwa kwa kokwa, mitelezo hiyo pamoja na kuchanganyika kwa baba na mama huleta tofauti tele. Katika ukoo usiopitia ndoa hakuna kinachochanganyika, na mahali nane ni pachache mno kusubiri mtelezo.

Retrotransposoni zina mwendo mwingine. Kipande chenye maelfu ya herufi hunakiliwa kuwa RNA, RNA hiyo hugeuzwa tena kuwa DNA, na nakala hupachikwa mahali pengine huku ya awali ikibaki ilipokuwa. Haihitaji mbegu wala chavua. Yaweza kutokea ndani ya tawi moja. Mbinu ya maabara iitwayo IRAP hutumia praima, yaani vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia unakili, zinazotazama nje kutoka kwenye ncha za vipande hivyo, kwa hiyo mstari huonekana pale vipande viwili vilipokaa karibu, na nakala mpya yaweza kuleta mstari mpya.

Mfano ninaoupenda ni machungwa mekundu ya Sisilia. Mwaka 2012 ilionyeshwa kwamba wekundu wake hutokana na jeni iitwayo Ruby, ambayo katika machungwa ya kawaida imelala, lakini humo imeamshwa na retrotransposoni ya kundi la Copia iliyotua jirani nayo. Ncha ya kipande hicho huitikia baridi, ndiyo maana rangi hukolea penye usiku wa baridi, na ndiyo maana nisingemshauri mtu wa Muheza akope fedha za kuyapanda. Chungwa jekundu la Jingxian, nchini China, lilipata rangi kwa kipande kingine kilichotua kando ya jeni hiyohiyo. Praima zilizotengenezwa kwa ajili ya kile cha Sisilia zisingekitambua, ingawa macho yanaona rangi moja.

Binti Kitalu
Nakubaliana na Mzee, ila asizibeze sana mikrosatelaiti. Sisi wa kitaluni tunazihitaji kwa kazi nyingine: mbegu moja ya mlimau ikitoa miche mitatu, ndizo zinazotuambia upi ni nakala ya mama na upi umetokana na chavua, ili mashina ya kubebeshea yawe sawasawa.

Ndugu Kikonyo, nina mambo mawili. Kwanza, ulitumia jeli gani kutenganisha vipande vya DNA kwa urefu? Tofauti ya herufi mbili haionekani kwenye jeli ya kawaida ya agarosi. Inataka jeli laini zaidi ya poliakrilamaidi au mashine ya kapilari, yenye mirija myembamba. Pili, chipukizi la mchungwa lina matabaka matatu ya seli, na badiliko laweza kukaa katika tabaka moja tu. Vifuko vya maji ya tunda hutokana na tabaka la nje, ilhali jani limechanganya matabaka, hivyo mstari mpya waweza kuwa hafifu ukaupuuza. Na hata ukiuona, usiandike kwamba ndio unaowahisha matunda mpaka uthibitishe kipande kimetua karibu na jeni gani. Mistari ya IRAP vilevile huyumba DNA ikiwa chafu, kwa hiyo rudia kila sampuli.

Hiyo sampuli uliyoitupa, jani lake lilichumwa wapi hasa?

Kikonyo
Shikamoo Mzee, na asante sana dada. Nilitumia agarosi, nami nimeona kosa langu. Jana nilirudi shambani nikiwa na daftari. Jani lile nililichuma kwenye chipukizi refu lenye miiba, lililotoka chini ya kovu la kubebeshea. Mwenye shamba alicheka akaniambia huo si mchungwa, ni mlimau uliobeba mchungwa.

Mzee wa Jeli
Marahaba. Basi irudishe sampuli hiyo kwenye jedwali kwa jina lake halisi, kwa kuwa ndiyo inayothibitisha kwamba praima zako zinafanya kazi. Kisha chuma majani machanga ya tawi linalowahi na ya tawi la kawaida la mti huohuo, ongeza vifuko vya maji vya matunda ya pande zote mbili, uyapime yote siku moja.