Ovataimu kwa sisi wa serikalini ikoje?

Wakuu, mi dereva wa ofisi moja ya serikali hapa Mwanza, natoka na bosi asubuhi mpaka Magu na Kwimba kurudi Buzuruga saa 4 usiku, nikiuliza ovataimu naambiwa kima cha chini kimepanda toka 370,000 hadi laki 5 tangu Julai 2025 nitulie. Ndo sheria?

Jibu: Vinahusiana wapi sasa 😂 Sheria ya ajira ya 2004 imewatoa jeshi, polisi, magereza na JKT, na saa za kazi haziwabani mabosi wanaosimamia wenzao. We unasimamia nani, usukani? Ukizidisha masaa 45 kwa wiki, kila saa ya ziada unalipwa mara moja na nusu ya mshahara wa saa ya kawaida.

Jibu: Logibuku ya gari si ina saa za kutoka na kurudi? Ipige picha mapema mkuu.