Gari la kulala linalosimama miezi mingi: huduma ifuate kilomita au kalenda?

Gangilonga78 aliuliza:

Wanajukwaa, nawasalimu. Nimenunua Land Cruiser HZJ78 yenye injini ya 1HZ, ambayo mmiliki wa awali aliigeuza kuwa gari la kulala: paa linainuliwa, ndani mna kitanda, sinki, tangi la maji la lita 80, jiko la gesi, na betri ya pili kwa ajili ya friji. Tunalitumia wakati wa likizo za shule, hasa kwenda Ruaha, na mara chache kushuka pwani kupitia mteremko mkali wa Kitonga. Muda uliobaki linakaa uani chini ya turubai.

Fundi wa mtaani kwetu anasema nisiguse oili hadi nitembee kilomita 5,000, jambo ambalo kwa matumizi yetu linaweza kuchukua karibu miaka miwili. Shemeji yangu anasema huo ni uvivu. Aidha, saa ya gari inasoma kilomita 214,000, na muuzaji alinihakikishia kwamba mkanda wa taiming, ule unaooanisha valvu na pistoni, ulibadilishwa, ila hana karatasi yoyote. Ninaomba mwongozo wa nini kifanywe kwanza.

Fundi Dizeli alijibu:

Shemeji yako yuko sahihi. Gari la namna hii halimalizwi na kilomita. Linamalizwa na kusimama, na siku likitoka linatoka na mzigo wake wote kwenda kwenye makorongo. Oili ya injini badilisha kila kilomita 5,000 au kila mwaka, kutegemea kinachotangulia, pamoja na filta yake, kwa sababu oili iliyokwisha kutumika inabeba unyevu na asidi zitokanazo na mwako, na hizo zinaendelea kula beringi hata injini ikiwa imezimwa. Kwa sababu hiyohiyo, ibadilishe mnaporudi safari, kabla ya kulifunika turubai, si asubuhi ya kuondoka. Oili ya dizeli ya 15W-40 inatosha.

Kuhusu mkanda, neno la muuzaji lisilo na risiti lichukulie kwamba halikusemwa. Toyota inataka mkanda wa 1HZ ubadilishwe kila kilomita 100,000, na kwenye dashibodi kuna taa ya T-BELT inayowaka hesabu ikitimia, lakini taa hiyo huzimwa na fundi, mkanda uwe umebadilishwa au la. Ukikatika njiani, pistoni zinagonga valvu, na hapo gharama si ya mkanda tena bali ya silinda hedi. Badilisha pamoja na beringi yake ya kukazia, na kwa kuwa pale mbele pamekwisha kufunguliwa, kagua sili za oili zilizo karibu, maana sili inayovuja italowesha mkanda mpya. Kisha andika tarehe na kilomita kwa rangi juu ya kifuniko, ili hata atakayelinunua kwako asihitaji kukuamini.

Jambo linalosahaulika kwenye 78 ni tangi la pili. Gari hili huwa na matangi mawili ya lita 90 kila moja, na wenye safari fupi hutumia moja tu, lingine likikaa na dizeli ya mwaka juzi. Hewa iliyo juu ya mafuta hupoa usiku, mvuke wake hugeuka maji, maji huzama chini, na siku utakapobonyeza swichi ya tangi hilo, yanaelekea kwenye pampu ya injini. Chukua chupa ya plastiki inayoonyesha ndani, iweke chini ya filta ya dizeli, legeza koki iliyo kitakoni mwa filta, halafu bonyeza pampu ya mkono iliyo juu yake hadi chupa ifike robo. Iache itulie. Kama kuna maji, utaona mstari ulionyooka kati yake na dizeli iliyo juu. Ukiona pia utando mweusi unaoteleza kama kamasi, hivyo ni vijidudu vinavyoota pale maji na mafuta yanapokutana, na hapo tangi lishushwe lioshwe. Kubadilisha filta peke yake ni kupoteza fedha.

Mama wa Leicester alijibu:

Sisi huku Uingereza tuna Fiat Ducato ya kulala ambayo kipindi chote cha baridi haiendi popote, kwa hiyo hali yenu naielewa. Ningeongeza tairi. Ukaguzi wa kila mwaka wa huku unadai meno ya tairi yasipungue milimita 1.6, na magari ya kulala hufaulu kwa urahisi kwa kuwa hayatembei. Lakini mpira huzeeka ukiwa umesimama. Soma tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT ubavuni: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Sisi hatuvuki miaka saba hata kama meno yote yapo.

Betri ya friji nayo isiachwe ikiwa nusu. Betri ya asidi iliyojaa na kupumzika husoma karibu volti 12.7, ikisoma 12.2 imebaki nusu, na ikikaa hivyo kwa miezi haitapokea tena chaji kamili. Paneli ndogo ya jua yenye kidhibiti chake inamaliza tatizo hilo. Injini tunaiwasha kila wiki kwa dakika kumi.

Fundi Dizeli alijibu:

Dada yangu, kwenye betri na tairi nakubaliana nawe, ila kwenye dakika kumi nakataa. Injini ya dizeli ikiunguruma bila mzigo haipati joto la kutosha, na unyevu unaotokana na mwako unabaki ndani ya oili na kwenye ekzosi. Ni afadhali lisiwashwe kabisa kuliko hivyo. Mara moja kwa mwezi liendesheni mwendo wa nusu saa au zaidi, breki nazo zipate kazi.

Dereva TANZAM alijibu:

Mmesahau Kitonga. Mafuta ya breki hunyonya unyevu hewani, na yakishazeeka huchemka kwa joto dogo. Pale mteremkoni yakichemka, pedali inazama hadi chini. Yabadilishe yote kila baada ya miaka miwili, na ushuke kwa gia ndogo badala ya kukanyaga breki muda wote.

Pia lipime gari likiwa na kila kitu na kila mtu ndani, kwenye mizani yoyote ya malori, halafu linganisha na uzito wa juu unaoruhusiwa. Matangi mawili ya dizeli yakijaa ni kama kilo 150, maji kilo 80, na bado hujapandisha familia. Kwenye magari ya namna hii nimeona springi za nyuma zimelala kabisa na mwenyewe analaumu barabara.

Gangilonga78 aliandika:

Nawashukuru nyote. Mkanda, oili na mafuta ya breki vitafanyika kabla ya likizo ijayo. Leo nimechungulia nyuma ya tairi la mbele kushoto, nikaona grisi nyepesi kama uji inatiririka kwenye kile kiungo cha duara. Je, jambo hili linaweza kusubiri hadi turudi kutoka Ruaha?

Fundi Dizeli alijibu:

Lisisubiri. Oili ya difu (gia za katikati ya ekseli zinazogawa nguvu kwa magurudumu) imevuka sili ya ekseli na kuyeyusha grisi, kwa hiyo beringi za hapo hazilindwi tena, na difu yenyewe inapungua. Fungua bolti ya kujazia difu ya mbele, ingiza kidole; oili isipogusa ncha ya kidole usawa wa tundu, ongeza kabla gari halijatoka uani. Sili nunua za pande zote mbili.